Shemeji alimtia mbwa wangu unga wa betri. Nyumbani niweke nini?

Kamwene mama, na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Igowole, wilaya ya Mufindi. Mume wangu anafanya kazi kiwanda cha mbao, mimi nalima mahindi na viazi na nafuga kuku. Tuna mbwa wawili, Bosi na Popi. Bosi ndiye mlinzi wa shamba. Mahindi yakianza kukomaa analala huko huko, maana nguruwe pori wakiingia usiku mmoja tu unakuta wameshamaliza pembe nzima ya shamba. Popi ni jike, amezaa watoto sita, wamebaki watano na sasa wana wiki tatu.

Mwezi wa nne Bosi alirudi asubuhi mguu wa nyuma umechanwa na seng'enge, damu inatiririka. Shemeji yangu akapasua betri kuukuu ya redio, akamjaza ule unga mweusi kwenye kidonda. Jirani naye akasema mbwa ana maumivu, nimpe diklofenaki, nikampa. Mama, mbwa aliacha kula, akawa anatapika vitu vyeusi, na mguu ukaanza kunuka. Bwana mifugo wa kata alipopatikana alisafisha akamchoma sindano. Bosi alipona lakini mpaka leo anachechemea.

Halafu yule mtoto wa sita. Alikuwa na siku nne. Asubuhi moja nilimkuta ametengana na wenzake, amepoa mwili mzima, hasogei. Nikapasha maziwa ya ng'ombe haraka haraka, nikamnywesha kwa kijiko. Akakoroma, yakamtoka puani, akafa nikiwa nimemshika.

Tangu hapo nataka niwe na sanduku langu la dawa za mbwa, kama lile la huduma ya kwanza tunaloliona kwenye mabasi. Nimeweka shilingi elfu thelathini za mayai. Mume wangu anasema huko ni kutupa hela, mbwa hatibiwi, mbwa hujilamba akapona. Mama mkwe anamuunga mkono. Nisaidie: ninunue nini, nianze na kipi, na usiku mbwa akiumia wakati Mafinga ni mbali na bwana mifugo hapatikani, nifanye nini?

Nina mbuzi wanne pia. Je, sanduku hilo hilo litawafaa? Na watoto wangu wakijikata?

Mama Upendo, Igowole

*

Marahaba mwanangu, na kamwene.

Pole kwa Bosi, na pole kwa kile kitoto. Nitaanza na kitoto, kwa sababu watano waliobaki wako kwenye baridi hiyo hiyo ya Mufindi, na la kwao halingoji uende dukani.

Mtoto wa mbwa wa siku chache hawezi kujipasha joto mwenyewe. Hata kutetemeka hajui bado. Joto lake lote analipata kwa mama yake na kwa wenzake waliomzunguka, kwa hiyo akitengwa usiku mmoja wa Juni kwenye sakafu ya saruji, mwili unapoa na tumbo linaacha kusaga chakula. Maziwa unayomnywesha wakati huo hayamfikii kokote. Yanakaa tumboni au yanaingia kwenye mapafu, ndiyo maana ulisikia akikoroma. Kwa hiyo shika utaratibu huu: joto kwanza, maziwa baadaye. Mwingize ndani ya nguo zako, ngozi yako na ngozi yake, umfunike na khanga, ukae naye hivyo hata saa nzima au zaidi. Joto lipande taratibu. Usimsogeze kwenye jiko la mkaa: mtoto asiyeweza kujivuta ataungua, na moshi wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua mbwa na watu. Wakati unampasha, koroga sukari kidogo kwenye maji ya vuguvugu, chovya ncha ya kidole, umpake kwenye fizi. Tone tu, si kumnywesha. Akishapata joto na kuanza kutafuta titi, mrudishe kwa Popi, ukae uone kama ananyonya. Ikitokea lazima alishwe kwa mkono, alale kifudifudi kama anavyolala kwa mama yake, asigeuzwe chali kama mtoto wa mtu.

Leo jioni waandalie boksi lililoinuliwa kutoka chini, juu ya mbao mbili. Kwenu mbao hazikosekani. Tandika blanketi kuukuu. Maranda makubwa yanafaa chini ya blanketi, lakini lile vumbi laini la msumeno liache, linawaingia puani. Jaza chupa ya plastiki maji ya moto ambayo mkono wako unayavumilia, ivalishe soksi nene, uiweke upande mmoja wa boksi ili anayesikia joto limezidi aweze kuhama. Wiki moja au mbili zaidi hivi, watakuwa wanajimudu.

Sasa sanduku. Nataka tuelewane linatumika kwa kazi gani, maana hapo ndipo watu wengi wanapotupa hela kweli. Kazi yake ni kumfikisha mbwa kwa mtaalamu akiwa hai na bila kuharibiwa zaidi. Ukilijaza vidonge na sindano kama duka dogo la dawa, siku moja wewe au shemeji yako mtamdhuru mbwa kwa mikono yenu wenyewe, na kwa nia njema kabisa. Bosi alichanwa na seng'enge, lakini vilivyomlaza wiki hizo ni unga wa betri na diklofenaki.

Niseme hayo mawili wazi ili uweze kuyaeleza nyumbani. Ule unga mweusi wa betri ni kemikali, una manganisi na chumvi zinazounguza nyama. Unaonekana unakausha kidonda kwa sababu unaua nyama ya juu, na chini ya nyama iliyokufa usaha unajikusanya. Ndiyo harufu uliyoisikia. Diklofenaki, na ndugu yake ibuprofeni, zinachubua tumbo la mbwa hadi linatoa damu na zinaweza kuharibu figo. Yale matapishi meusi, kwa mbwa aliyetoka kumezeshwa dawa hiyo, yalikuwa karibu hakika damu iliyokaa tumboni. Panadol nayo isiingie kwenye sanduku la mbwa; ini lake halifanyi kazi kama letu, na kwa paka kidonge kimoja tu kinatosha kuua. Kuna dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, daktari wa mifugo anazo na anajua kipimo.

Vitu vingine vya kukataa mlangoni ni mafuta ya taa, oili chafu ya gari na spiriti. Oili chafu najua inapakwa sana kwa mbwa mwenye ukurutu. Mbwa anailamba yote, inaingia mwilini na sumu zake. Spiriti inaunguza kidonda kilicho wazi, na mbwa aliyeunguzwa mara moja hatakubali kushikwa mara ya pili. Na ile sindano ya ivamektini ya ng'ombe inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo, tafadhali sana, isitumiwe kwa kukadiria. Imetengenezwa kwa mnyama wa mamia ya kilo. Tone la ziada kwa mtoto wa mbwa linaleta kutetemeka, upofu na kifo.

Chukua ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, panya na unyevu visiingie. Kabla ya kuweka chochote ndani, chukua kalamu ya wino usiofutika uandike juu ya mfuniko namba tatu: ya mtaalamu wa mifugo wa kata yenu, ya kliniki ya mifugo Mafinga, na ya dereva wa bodaboda aliyekubali kubeba mbwa usiku. Huyu wa tatu mtafute mapema mkubaliane na bei. Wengi wanakataa wakimwona mbwa ana damu, na saa saba ya usiku si wakati wa kubembelezana. Hilo haligharimu hata senti, na mimi naliweka juu ya kila utakachonunua.

Kwa elfu thelathini, vifaa vyako vyote vya kidonda utavipata duka la dawa muhimu, huna haja ya kufika mjini. Nunua glavu, gozi nyingi, pamba roli moja, bendeji za kuvutika mbili au tatu, plasta ya roli, chupa ya ayodini, bomba la sindano la mililita 20 bila sindano yake, na pakiti chache za ORS. Ongeza kipimajoto cha dijitali. Mkasi, tochi, kibano cha kung'olea miiba, vaselini na khanga mbili kuukuu zilizofuliwa nadhani vyote unavyo ndani. Kama hela itakubana, punguza bendeji ubaki na moja, lakini usipunguze gozi wala glavu.

Tuchukue Bosi yule yule, seng'enge ile ile, na tufanye tena.

Anaingia uani anavuja damu. Usimkimbilie kichwani. Mbwa mwenye maumivu anang'ata hata anayempenda, kwa hiyo mtu mmoja amshike na mwingine amfunge mdomo. Kata kipande cha bendeji urefu wa mkono wako na zaidi, fanya kitanzi, kipitishe juu ya pua, kaza kiasi, vusha ncha chini ya kidevu, kisha zifunge nyuma ya masikio. Anayetapika, anayehema kwa shida au aliyezimia usimfunge mdomo kabisa. Huyo mfunike kichwa kwa khanga iliyokunjwa, ukae upande wa mgongo wake.

Vaa glavu. Weka gozi iliyokunjwa au khanga safi juu ya jeraha ukandamize kwa kiganja, dakika tano hadi kumi, bila kuinua kuchungulia. Ninajua mkono utakuwasha uangalie. Kila ukiinua, damu iliyoanza kuganda inang'oka na unaanza upya. Gozi ikilowa, ongeza nyingine juu yake, ile ya chini iache. Kamba ya kunyonga mguu siipendi. Nimeona miguu ikikatwa kwa sababu ya kamba iliyosahaulika wakati kukandamiza peke yake kungetosha. Damu inayoruka kwa mapigo, endelea kukandamiza ukiwa tayari juu ya bodaboda.

Damu ikikatika ndipo unaosha. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kiwe cha kusawazishwa, acha yapoe. Vuta kwa bomba la mililita 20, rushia ndani ya kidonda kwa nguvu ya wastani, rudia rudia mpaka mchanga na nywele vitoke. Maji haya ya chumvi yanafanya kazi kubwa kuliko dawa yoyote utakayonunua. Baada ya hapo ayodini, lakini izimue kwa maji yaliyochemshwa hadi ifanane na chai ya rangi nyepesi. Ikiwa nzito kama ilivyo kwenye chupa inachoma nyama changa. Funika kwa gozi, tandaza pamba, zungusha bendeji kuanzia kwenye vidole kwenda juu, iweze kupitisha kidole chako chini yake. Acha ncha za vidole viwili vya kati zionekane. Asubuhi na jioni zitazame: zikivimba, zikipoa au zikitengana, bendeji imebana, ifungue mara moja. Ikilowa, badilisha siku hiyo hiyo. Akiwa nje, mvalishe soksi kuukuu juu yake asiichafue.

Kidonda kirefu, kinachoonyesha nyama ya ndani au kilicho karibu na kiungo, hakiishii hapo. Kioshe, kifunike, na mbwa amwone mtaalamu siku hiyo hiyo, kwa sababu kushona kunafaa kidonda kikiwa kibichi. Ukingoja wiki, kinachobaki ni kuchechemea.

Na hilo la kulamba analosema baba Upendo: mbwa kweli hulamba, na vidonda vidogo vingi hupona hata akilamba. Kikubwa, ulimi unakikwangua na kukiongezea vijidudu vya mdomoni, unaweza kukiweka wazi wiki nyingi. Kata kitako cha ndoo kuukuu ndogo inayomtosha kichwa, funika makali kwa plasta, umvalishe shingoni kama kola na uifunge kwenye mkanda wake. Atagonga milango siku ya kwanza, kisha atazoea.

Kipimajoto nilichokuambia kinaingizwa njia ya haja kubwa, kimepakwa vaselini, sentimita mbili hivi, mtu mwingine amemshika kichwa. Mbwa mkubwa mzima wa afya ana nyuzi joto kati ya 38.3 na 39.2, kwa hiyo usishtuke ukimgusa ukamwona wa moto kuliko wewe. Akipita 40, au akishuka chini ya 37.5, piga simu. Watoto wachanga wa wiki ya kwanza wako chini ya hapo kwa kawaida, 35 hadi 37. Jifunze pia fizi. Inua mdomo wa Bosi leo akiwa mzima, uone rangi yake ya waridi, bonyeza kwa kidole uone inapauka na kurudi ndani ya sekunde mbili. Siku fizi zikiwa nyeupe, za bluu au zikichelewa kurudi rangi, hapo hakuna cha kufanya nyumbani, ni safari. Na akiwa amelala, hesabu pumzi zake kwa dakika moja: 10 hadi 30 ni kawaida. Yaandike hayo kwenye karatasi ndani ya ndoo, maana ukipiga simu kwa mtaalamu ukamwambia joto, rangi ya fizi na pumzi, anaweza kukusaidia akiwa huko aliko. Ukimwambia tu "mbwa anaumwa", hana pa kuanzia.

Sumu ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi kwa nyumba kama yenu. Mnapulizia viazi na nyanya, na mahindi yakiingia ghalani kila mtu anatega sumu ya panya. Mbwa aliyelamba dawa ya kupulizia anatoa mate mengi, anatetemeka, anaharisha, mboni za macho zinakuwa ndogo. Ikiwa imemmwagikia mwilini, vaa glavu umwogeshe kwa sabuni na maji mengi kabla hajailamba yote, kisha umkimbize. Sumu ya panya ni ya kudanganya. Nyingi ya hizi huzuia damu isigande, na mbwa anaonekana mzima kabisa siku mbili, tatu, hata tano, ndipo anaanza kutoka damu puani au kujaa damu kifuani. Ukimwona ameila leo, usingoje dalili. Kuna vitamini K ambayo daktari humpa, na akiipata mapema anapona. Beba pakiti au chupa ya sumu yenyewe, jina lililoandikwa pale linamwonyesha daktari njia.

Kuhusu maziwa, mafuta ya kula na mayai mabichi ambayo watu humnywesha mbwa aliyekula sumu: hayaiondoi sumu. Mafuta hasa yanaweza kuingia mapafuni, na sumu nyingine huyeyuka ndani yake zikanyonywa haraka zaidi. Kumtapisha pia usijaribu bila kuambiwa na mtaalamu kwenye simu. Aliyekunywa mafuta ya taa au kitu kinachounguza, au aliyeanza kulegea na kutetemeka, akitapishwa anaharibika zaidi. Vidonge vya mkaa vya duka la dawa vinaweza kuwekwa ndani ya ndoo, vitumike kwa maelekezo tu. Mkaa wa jikoni uliosagwa haufanyi kazi ile.

Kuna sumu nyingine inayotoka mikononi mwenu wenyewe. Mahindi yaliyoota ukungu yasiyofaa kwa ugali wa watu, watu husema apewe mbwa. Sumukuvu inaua ini la mbwa, na mbwa ni dhaifu kwake. Tupa. Vilevile magunzi na kokwa za parachichi zisizagae uani. Mbwa anazimeza, zinakwama kwenye utumbo, anatapika kila kitu na hapati choo. Huyo ni wa kisu cha daktari, ndoo yako haina cha kumsaidia, na kila siku ya kungoja inapunguza nafasi yake.

Shambani usiku atakutana na nungunungu. Mwiba ulioshika ngozi juu juu uvute kwa koleo, ukiushika karibu na ngozi, moja kwa moja ulivyoingia. Ulio karibu na jicho, kooni au kifuani uache kwa mtaalamu, na usiukate kuufupisha. Akiumwa na nyoka, kama kifutu, mbebe. Asitembee, usichanje, usifunge kamba, usinyonye, usipake chochote. Akitemewa machoni na swila, maji safi mengi, robo saa nzima, kisha daktari.

Nimeacha kichaa cha mbwa hadi hapa ili nikiseme peke yake. Glavu zile ni kwa ajili yako. Bosi akirudi ameng'atwa na mbwa msiyemjua, osha majeraha yake ukiwa umevaa glavu na umwite mtaalamu, hata kama amechanjwa. Wewe au mtoto mking'atwa, au mkilambwa kwenye mchubuko na mbwa wa aina hiyo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa mtu, hatibiki. Na kuna jambo moja watu hawalijui: mbwa mwenye kichaa si lazima awe mkali. Wengine taya linalegea, mate yanatoka, hawezi kumeza, na mwenye mbwa anadhani mfupa umekwama kooni, anaingiza mkono kuutoa. Usiingize. Mfungie mahali, watoto wakae mbali, piga simu.

Watano hao wa Popi wachanjwe kichaa wakifika miezi mitatu, kisha kila mwaka, na kadi zao zikae ndani ya ndoo. Kabla ya hapo, wakiwa na wiki sita hadi nane, waanze chanjo ya parvo na magonjwa mengine ya watoto wa mbwa. Dawa ya minyoo wanaianza sasa, wako tayari wiki ya tatu, na hurudiwa kila baada ya wiki mbili mpaka wiki ya 12; mtaalamu awapime uzito ndipo akupe kipimo. Mtoto akiharisha damu na kutapika, ni parvo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mtenge na wenzake, mpe ORS matone matone kutapika kukitulia, na umpeleke. Wanakauka maji ndani ya saa chache.

Sasa baba Upendo na mama mkwe. Usiwahubirie. Mume wako anafanya kazi kiwanda cha mbao, bila shaka anajua maana ya huduma ya kwanza mtu akikatwa na msumeno. Mwambie unahitaji mikono yake, kwa sababu peke yako huwezi kumshika Bosi, na ni kweli huwezi. Jumapili moja mfunge Bosi mdomo kwa bendeji akiwa mzima, mume ameshika shingo, umpime joto, umzungushie bendeji mguuni, kisha mumpe kipande cha nyama. Mwanamume aliyejifunza kushika hatasema tena ni kutupa hela. Mama mkwe mkumbushe tu mahindi: wakati Bosi alipolala uani na mguu unaooza, nani alilinda shamba? Muulize kwa adabu, kisha mwachie aongee yeye. Shemeji naye usimwaibishe kwa betri ile, alitaka kusaidia. Mpe kazi ya kutunza namba ya bodaboda.

Umeuliza kuhusu mbuzi na watoto. Gozi, bendeji, maji ya chumvi na ayodini iliyozimuliwa vinawafaa mbuzi kama vinavyomfaa mbwa, na hata mchubuko wa mtoto unaoshwa hivyo hivyo. Kipimajoto hapana, kikishaingia kwa mbwa ni cha wanyama, kiandike jina, na cha watoto kiwe kingine kabisa, chumba kingine. Mbuzi joto lao linakaribiana na la mbwa, kwa hiyo wanaweza kuchangia kikioshwa kwa sabuni na kufutwa kwa spiriti, na hapo ndipo spiriti inapopata kazi yake. Ndoo iwekwe juu ambapo Upendo hafiki. Kila baada ya miezi mitatu ifungue, angalia tarehe za kuisha muda kwenye ayodini na ORS, na weka gozi mpya badala ya zilizotumika. Ukimpigia mtaalamu wa kata wiki hii kwa ajili ya dawa ya minyoo, mwombe pia atazame mguu wa Bosi. Kuchechemea kwa miezi miwili kunaweza kuwa kovu tu, na kunaweza kuwa kipande cha waya kilichobaki ndani.